Ukifika Dazaifu usianze na picha: namna ya kutembelea jinja ya Kijapani, kutoka kwa mtu wa Kilwa

Nianzie nyumbani. Mi ni mtu wa Kilwa Masoko, na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anavusha wageni kwenda Kisiwani, kwa hiyo nimekua naangalia watu wanavyotembelea magofu na nikwambie ukweli, wengi wanaboa. Mtu anashuka kwenye boti, anapiga picha Gereza, anapiga picha Msikiti Mkuu, anauliza choo kiko wapi, dakika arobaini nyingi anataka arudi Masoko akanywe soda. Ukianza kumsimulia ile ya Ali bin Hassan aliyetoka Shirazi akakinunua kisiwa kizima kwa kitambaa, kitambaa kirefu cha kukizunguka kisiwa chote, halafu mfalme wa bara akaja kujuta akapanga kurudi na watu wake maji yakishakupwa, wale wageni wakauchimba ule mkondo ili asivuke kwa miguu, we unasimulia mwenzio anaangalia simu. Anaondoka ameona mawe.

Sasa mi huyu huyu ninayewasema wenzangu, nilivyofika Japani nikafanya vile vile. Nilikuwa kozi ya mambo ya maji, miezi mitatu, mji unaitwa Kitakyushu, uko kaskazini ya kisiwa cha Kyushu. Jumapili ya kwanza ya mapumziko tukaenda Dazaifu Tenmangu, jinja maarufu sana, tulikuwa wanne, tukapiga picha kama mia mbili hivi, tukala, tukarudi. Jioni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anatufundisha Kijapani akaniuliza, mti umeuona? Nikamjibu miti ipo mingi mama. Akacheka ile ya kuficha mdomo kwa mkono, nikajua hapa nimechemka. Akakaa akanisimulia, na wiki mbili baadaye nikarudi peke yangu. Haya ninayoandika ni ya safari ya pili, ile ya kwanza naihesabu kama sikwenda.

Jinja ndo nyumba ya ibada ya Shinto, ile dini ya asili ya Wajapani. Usichanganye na mahekalu ya Kibudha, yapo mengi pia na mengine yamepakana kabisa, ila ukiona lango la nguzo mbili na miti miwili imelala juu yake, hiyo inaitwa torii, ujue umefika kwenye jinja. Anayekaa humo wanamwita kami. Kami anaweza kuwa mlima, mto, mti, au binadamu aliyekufa zamani, na hapa Dazaifu ni binadamu. Ukisema ni kama mzimu utakuwa umekaribia, sema kwetu mzimu unaachiwa mbuyu na kitambaa cheupe au unga kidogo chini ya mti, wenzetu wamemjengea na stesheni ya treni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hujakata tiketi ya chochote, ijue hadithi. Nakupa fupi ila usiiruke.

Jina la kushika ni moja, Sugawara no Michizane. Huyu alikuwepo kweli, si wa kutunga, kazaliwa 845, msomi na mshairi, ukoo wake ni wa walimu na si wa watawala lakini kwa kalamu yake akapanda mpaka akawa Waziri wa Kulia wa mfalme pale Kyoto, mji mkuu wa wakati huo. Mwaka 894 yeye ndo alitoa ushauri Japani isitishe kutuma ujumbe wake China. Sasa Waziri wa Kushoto alikuwa Fujiwara no Tokihira, wa ukoo wa Fujiwara, na hao ndo walikuwa wenye nchi, wanaoza mabinti zao kwa wafalme, wanatawala kwa mlango wa nyuma. Tokihira akamchongea Michizane kwa mfalme Daigo kuwa ana njama za kubadilisha mrithi. Mwaka 901 mzee akapewa uhamisho kwenda Dazaifu, cheo cha jina tu, mamlaka hakuna.

Dazaifu wakati huo ilikuwa ofisi kubwa ya serikali kwa Kyushu yote lakini kwa mtu wa Kyoto ni mwisho wa dunia. Na sisi watu wa kusini tunaijua sana hiyo stori, kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji 2003 mtumishi akipangiwa Lindi au Mtwara anaaga ndugu zake kama anaenda vitani. Basi ndo hivyo.

Siku ya kuondoka akasimama uani kwake mbele ya mti wake wa ume, ume ni aina ya plamu, maua yake meupe au ya waridi yanatoka baridi haijaisha, na harufu yake ni nzuri mno. Akauambia mti kwa shairi, na shairi hilo Wajapani wengi wanalijua: upepo wa mashariki ukivuma, niletee harufu yako ewe ua la ume, hata kama mwenyewe hayupo usiusahau msimu wa machipuko. Upepo wa mashariki, nahodha wa kwetu angeuita matlai. Nilivyoambiwa hilo shairi nilikaa kimya kidogo, maana we fikiria mtu amevuliwa cheo, amesingiziwa, nyumba anaiacha, anaongea na mti.

Hadithi inasema alikuwa na miti mitatu aliyoipenda, ume, cheri na msonobari. Cheri ulinyauka kwa majonzi. Msonobari ukaruka kumfuata lakini ukachoka njiani ukaota mizizi sehemu za Kobe. Ume ukaruka usiku mmoja mpaka Dazaifu, ukatua kwa bwana wake. Unaitwa tobiume, yaani ume ulioruka, na ndo ule mti niliokuwa nimeupita nikienda kutafuta sehemu ya kupigia selfi.

Michizane akafa huko huko 903, hakurudi. Wanasema mwili wake ulipakiwa kwenye mkokoteni wa maksai, maksai akatembea akatembea, akafika mahali akalala chini, kupigwa hasogei, kuvutwa hasogei, wanafunzi wake wakaona basi hapa ndo anapotaka mzee, wakamzika pale. Kwa hiyo jinja unayoenda kutembelea imekaa juu ya kaburi. Hilo likumbuke, litakusaidia kujua ucheke kwa sauti gani.

Halafu balaa likaanza Kyoto. Tokihira akafa 909 akiwa bado kijana. Mrithi wa ufalme akafa 923. Mwaka 930 radi ikapiga jumba la mfalme wakati wakubwa wamekutana, watu wakafa humo, na mfalme Daigo mwenyewe akafuata miezi michache baadaye. Nani tena? Michizane huyo, kageuka mungu wa radi, anadai haki yake. Wakamrudishia vyeo vyake marehemu, wakampandisha hata kuliko alipokuwa hai, wakamjengea jinja Kitano kule Kyoto. Hapa Dazaifu jinja ilikuwa tayari imejengwa juu ya kaburi 919 kwa amri ya mfalme. Na mpaka leo mzee wa Kijapani radi ikipiga anaweza kusema "kuwabara kuwabara", Kuwabara inasemekana palikuwa shamba la Michizane ambapo radi haikuwahi kupiga, kwa hiyo unaidanganya radi kwamba uko kwake. Bibi yangu yeye anafunika kioo kwa khanga na kukataza mtu kuvaa nyekundu. Nafikiri wangeelewana.

Karne zilivyopita hasira zikasahaulika, ukabaki usomi wake, sa hivi anaitwa Tenjin, kami wa elimu, na wanafunzi wa Japani nzima wanamiminika kwake kabla ya mitihani.

Haya, safari sasa.

Viza Mtanzania unahitaji, inaombwa ubalozi wa Japani Dar, hilo sina mengi, fuata masharti yao na peleka karatasi zote wanazotaka. Ukishakuwa Japani uwanja wa ndege wa kulenga ni Fukuoka, na huo uwanja raha yake uko mjini, metro inakutoa pale mpaka stesheni ya Hakata vituo viwili tu, ukiendelea na metro hiyo hiyo unafika Tenjin, na ndio, hilo jina Tenjin la katikati ya jiji ni la huyu huyu mzee. Tenjin unatoka metro unapanda treni za Nishitetsu, unashuka Futsukaichi, unabadilisha treni ndogo ya kwenda Dazaifu, yote haifiki saa moja. Yapo na mabasi ya moja kwa moja kutoka Hakata. Nunua ile kadi ya kugusa getini ili usihangaike na mashine za tiketi kama nilivyohangaika mi, nyuma yangu foleni, hakuna anayenipigia kelele na ndo inavyozidi kuuma, bora wangenipigia kelele.

Nenda mapema. Kiwanja kinafunguliwa alfajiri, kuingia ni bure, na saa moja asubuhi unakuta wafagiaji, kunguru na wazee wa mtaani waliokuja kusalimia kabla ya kazi zao. Ukifika saa tano unakuta mabasi ya watalii. Msimu mtamu ni kuanzia mwisho wa Januari mpaka mwanzo wa Machi, kuna miti ya ume kama 6,000 na inachanua kwa zamu, ila baridi itakung'ata, mtu wa Kilwa usije na koti la mitumba jepesi ukidhani utavumilia. Siku tatu za kwanza za Januari usiguse kabisa, nchi nzima inaenda kwenye majinja kuanza mwaka, utasukumwa kama kivuko cha siku ya sikukuu.

Kutoka stesheni kuna njia ya maduka, pande zote mbili vyakula na zawadi, kuna hadi mgahawa wa kahawa wa Starbucks uliobuniwa na msanifu majengo Kengo Kuma, ndani vijiti vya mbao kama 2,000 vimepishana kama dema la kuvulia samaki. Pita tu, utarudi. Usianze kula, tumbo likishiba na miguu inakuwa mizito.

Kwenye torii simama kidogo, inama, halafu ingia. Ukipita usitembee katikati ya njia, katikati ni ya kami, we shika upande. Hili hakuna atakayekukamata wala kukufokea, Wajapani wenyewe umati ukiwa mkubwa wanajaa njia nzima, lakini siku nilipokwenda alfajiri nikaona mzee wa suti na mkoba wake amebana kushoto kabisa kama anayepita mbele ya wakubwa kibarazani, nikamfuata nyuma, nikajisikia na mimi nimepiga hodi.

Mwisho wa njia utamkuta maksai wa shaba amelala, kichwa kinang'aa kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa na mchanga, mwili mwingine umefifia. Ni yule wa mkokoteni. Wako maksai kadhaa humo ndani, wa shaba na wa mawe, wote wamelala, huwezi kumkuta aliyesimama na sasa unajua kwa nini. Watu wanampapasa kichwa wapate akili, na wengine wakiwa na maumivu wanajishika panapouma halafu wanamshika maksai sehemu ile ile. Kuna foleni, usiiruke. Mbele yangu alikuwepo mtoto wa sare za shule, akampapasa kichwa, akafikiria, akarudi akampapasa tena, nikamwelewa kabisa, hesabu hizo.

Ukikunja kushoto unakuta bwawa na madaraja matatu mekundu, wenyewe wanasema bwawa limechorwa mfano wa herufi yao ya neno moyo. La kwanza limepinda mgongo, hilo ni jana. La pili limenyooka, ni leo. La tatu limepinda tena, ni kesho. Unaambiwa kwenye jana usigeuke nyuma, kwenye leo usisimame, kwenye kesho usijikwae. Sasa na hapa ndo kichekesho, hilo la kwanza ndo lenye mandhari nzuri ya picha, kwa hiyo watalii wote wamesimama kwenye jana wamegeuka nyuma. Na mimi kwenye picha zangu mia mbili za safari ya kwanza, thelathini ni za pale pale.

Kabla hujaacha bwawa nyuma yako angalia juu, kuna miti mikubwa ajabu, shina lake watu kadhaa wakishikana mikono hawalizungushi, ina umri wa zaidi ya miaka elfu. Ni mikafuri. Kafuri hiyo hiyo, tunayotia kwenye maji ya kumwoshea maiti. Niliokota jani kavu chini nikalivunja nikanusa, jamani, ilinirudisha moja kwa moja siku tuliyomzika babu. Ukienda fanya hivyo, okota lililoanguka, usichume mtini.

Kisha maji. Hapa nisikilize vizuri maana hapa ndo nilijiaibisha. Kuna birika la mawe limejaa maji na kata za kushika juu yake, kata kweli kama zile za kifuu za bibi zetu, sema hizi za kwao ni za mianzi au chuma. Mi nikadhani ni ya kunywa, jua lilikuwa kali, nikachota nikapiga funda kubwa kwenye kata yenyewe. Kimya. Mtoto mdogo akamwangalia mama yake. Utaratibu ni huu: shika kata kwa mkono wa kulia uchote mara moja, mwagia mkono wa kushoto, badilisha umwagie wa kulia, badilisha tena utie maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto usukutue nacho, kimya kimya, uteme chini pembeni na si ndani ya birika, umwagie tena ule mkono wa kushoto, halafu hayo yaliyobaki uinue kata wima yateremke kwenye mpini ili aliyefuata aukute safi. Kata moja ya maji inatosha yote. Tangu korona sehemu nyingi waliondoa kata wakaacha maji yanachuruzika kwenye bomba, ukikuta hivyo nawa tu mikono. Kwa mtu aliyezoea udhu haya yataingia haraka, mi nilikuwa nafanya makosa kwa sababu mkono wangu unataka kuanza kulia.

Sasa ukumbi mkuu, na swali mnalotaka kuniuliza. Kwanza jengo, lililopo limejengwa 1591, na Mei 2023 wakaanza kulikarabati, mpango ulikuwa miaka mitatu hivi, mbele yake wakaweka ukumbi wa muda uliobuniwa na msanifu majengo Sou Fujimoto wenye msitu juu ya paa, miti kabisa imeota darini, kama ume uliruka basi hiyo mingine nayo imetua. Angalia hali ikoje kabla ya kwenda ili usije ukashangaa.

Swali lenyewe. Shangazi yangu alinipigia nikiwa njiani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unaenda kwenye mizimu ya Wachina."

"Wajapani shangazi. Naenda kutembea tu."

"Tembea, mwanangu, kutembea si dhambi. Lakini magoti yako yarudi kama yalivyoondoka."

Na kweli magoti yalirudi salama maana hakuna anayepiga magoti pale. Wanaosali wanatupa sarafu kwenye sanduku, taratibu, si kurusha, wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili, wanakaa kimya na shida zao, wanainama mara moja, wanaondoka. Sarafu ya yen 5, ile yenye tundu katikati, wanaipenda kwa sababu ukiitamka, go-en, inafanana na neno lao la kuunganishwa na watu. Kama imani yako hairuhusu, husali. Hakuna anayekusimamia wala kukuuliza dini. Mi nilikaa pembeni, nikavua kofia, nikanyamaza, kama ninavyotaka mgeni anyamaze Msikiti Mkuu wa Kilwa hata kama si wake. Usisimame katikati mbele ya sanduku unapiga picha, kuna watu nyuma wana shida za kweli, na ndani ya ukumbi usipige picha kabisa, hasa kama kuna ibada inaendelea.

Ukiwa umeuelekea ukumbi, geuza macho kulia. Kuna mti mmoja umezungushiwa uzio mdogo. Si mkubwa, ukitegemea maajabu utauona wa kawaida sana, gome jeusi limepasuka pasuka, matawi yamejikunja kama vidole vya mzee. Ndo huo. Wanasema ndo huwa wa mwanzo kuchanua kati ya yote. Nilivyofika mi ulikuwa na maua machache, meupe, na upepo ulikuwa hafifu na sijui kama ulikuwa wa mashariki, ila harufu ilikuja. Nikasimama pale labda robo saa. Mama mmoja alikuja na mkongojo akainamia mti, si ukumbi, mti, akaondoka. Kama utakuwa na muda wa kitu kimoja tu Dazaifu, basi ni hicho.

Baada ya hapo kuna vibanda. Vile vibao vya mbao vimeninginizwa vinaitwa ema, watu wanaandika maombi, mengi ni majina ya shule na vyuo wanavyotaka kufaulu kuingia, usivipekue. Omamori ni hirizi, za mitihani, za safari, za barabarani, zimeshonewa vifuko vya hariri, na kama hirizi yoyote hutakiwi kuifungua. Omikuji ni karatasi za bahati, unalipia unachomoa, ramli kwa Kiswahili chetu, mi nilipita kando ila rafiki yangu Mzambia siku ile ya kwanza alichomoa akapata bahati mbaya, akakosa raha mpaka dada wa kibandani akamwonyesha kwamba mbaya unaifunga pale kwenye uzi uliowekwa unaiacha hapo hapo. Akaifunga mafundo matatu.

Kuna ndege wa mbao utamwona, anaitwa uso, msicheke, ndo jina lake, na kwa Kijapani neno lenye sauti hiyo hiyo ni uongo. Hadithi ni kwamba nyuki walimvamia Michizane na hao ndege wakaja kuwala nyuki. Tarehe 7 Januari usiku wanakutana gizani wanabadilishana ndege wa mbao mkono kwa mkono, uongo wote uliosema mwaka uliopita unageuka ukweli. Huku kwetu ningependekeza waanze na mafundi cherehani.

Nyuma ya jinja kuna ngazi ya umeme ndani ya handaki inakupandisha mpaka Makumbusho ya Taifa ya Kyushu, yamefunguliwa 2005, kiingilio kipo. Kama miguu bado ina nguvu nenda.

Haya sasa kula. Umegae mochi. Ni unga wa mchele uliokandwa, ndani wanaweka maharage mekundu madogo yaliyopondwa na sukari, inabanwa kwenye chuma cha moto mpaka nje iwe na ukoko mwembamba, juu imegongwa alama ya ua la ume. Ume yenyewe haimo, usiitafute. Moja haifiki yen 200, ukipewa inaunguza vidole, unaikamata na karatasi yake unapuliza. Mtu wa vitumbua ataelewa haraka, ule ukoko ndo wenyewe. Nayo ina hadithi, kwamba Michizane uhamishoni alikuwa hata chakula hapati vizuri, bibi mmoja jirani akawa anamchomekea mochi kwenye tawi la ume anampitishia dirishani. Kula pale pale dukani umesimama, usile unatembea, na karatasi itie mfukoni maana mapipa ya taka Japani ni ya kutafuta kwa tochi.

Ukitoka, ukishapita torii geuka uinamie tena kule ndani, kama kuaga.

Nimesahau moja. Mpwa wangu yuko form four, alivyosikia habari ya maksai akanitumia sauti, "Mjomba shikamoo, na mimi nipapasie, Novemba nina NECTA." Nikapanga foleni mara ya pili kwa ajili yake, nikampa kijana mmoja simu anipige, nikatabasamu. Picha nikaituma hapo hapo kabla sijapanda treni. Nikiwa Futsukaichi nasubiri kubadilisha, jibu likaingia:

"Asante mjomba. Ila umeshika pembe."